JE, TUNA DENI KWA ARDHI TUNAYOWEZA KUIACHA KESHO?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunaleta mbele yako swali moja la kutafakari. Swali lenyewe linahusu parsele yako: ule uwanja wenye miti unaoizunguka nyumba yako hapa Bulengera, au popote pale Butembo na Beni.

Swali ni hili. Je, mtu ana wajibu wa kutengeneza mahali ambapo hana hakika ya kukaa? Na kama anao, je, wajibu huo unamhusu hata yule ambaye mfukoni hana kitu?

Usilione kuwa swali jepesi. Unajua tulikopita. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewatoa watu wengi kwenye mashamba na nyumba walizozijenga kwa jasho. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika mkoa wetu, na haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Butembo ilikuwa miongoni mwa miji iliyozika watu wengi. Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23, na familia nyingi zikapanda kuja kaskazini, Lubero na Butembo, zikiwa na magodoro kichwani. Katika hali hiyo, ukimwambia mtu apande mti wa avoka, anaweza kukujibu: "Nipande mimi, ale nani?"

Jibu hilo lina uzito, na hatutalipuuza. Lakini ukilisikiliza vizuri utaona limebeba udhuru mbili: sina pesa, na sijui kesho. Na nyuma yake kuna wa tatu, ambao mara nyingi hatuutaji kwa sauti: hii ni mali yangu, nifanye nitakavyo. Tuzitazame moja moja.

UDHURU WA KWANZA: "SINA PESA"

Wengi wetu tukisikia habari za kutengeneza uwanja wa nyumba, tunaona mbele ya macho ukuta wa matofali, geti la chuma, mawe ya kutandika njiani na maua ya kununua. Hayo ni ya mwenye nacho, wala si haramu. Lakini hayo ni ya mwisho, si ya kwanza. Ya kwanza katika parsele ya mlimani ni manne: maji ya mvua yapite wapi, udongo ubaki vipi, takataka ziende wapi, na miti iliyopo ifanywe nini. Yote manne yanataka jembe, panga na subira kabla hayajataka faranga.

Anza na maji. Mji wetu umekaa juu ya vilima, na kila mwenye macho anaona jinsi mifereji inavyogeuka kuwa makorongo. Korongo halizaliwi likiwa korongo. Lilikuwa mkwaruzo mdogo kando ya nyumba. Mvua moja ikachukua kikapu cha udongo, mvua ya pili ikachukua viwili, na hakuna aliyeshughulika. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Basi kilichoharibiwa kidogo kidogo, na kitengenezwe kidogo kidogo.

Chombo cha kuanzia kazi hiyo hakinunuliwi. Chukua fito mbili zenye urefu sawa, karibu mita mbili kila moja, uzifunge pamoja kwa juu na kuzitanua chini. Funga fito ya tatu katikati kwa kulala, upate umbo la herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe. Isimamishe chini, tia alama pale kamba inapokata fito ya katikati. Kisha geuza, mguu huu uwe pale palipokuwa mguu ule, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nayo kukata mlima, ukichoma kijiti kila mahali kamba inapotua katikati. Mstari wa vijiti hivyo ndio mahali pa kuchimba mfereji. Udongo utakaoutoa uutupe upande wa juu, na juu ya tuta hilo upande matete. Maji yatasimama na kuingia ardhini badala ya kukimbia na udongo wako, na matete utakata kulisha sungura au mbuzi.

Njia hiyo ya kutupa udongo juu inajulikana duniani kote kwa jina la Kiswahili: fanya juu. Sifa yake ilitoka Machakos, nchini Kenya. Miaka ya 1930 wakubwa wa serikali ya kikoloni waliiona ardhi ya Machakos kuwa inakufa kwa mmomonyoko, wakawalazimisha watu kuchimba, na watu wakaichukia kazi ile. Baadaye Wakamba wenyewe, kwa vikundi vyao vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya, waliichimba milima kwa majembe, mwaka hadi mwaka, kila familia kwa kadiri ya nguvu zake. Ilipofika mwaka 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na ardhi ile iliyosemwa inakufa ilikuwa na matuta na miti mingi kuliko zamani. Zingatia, ndugu yangu: kazi ileile iliyochukiwa ilipokuwa ya amri, ilizaa ilipokuwa ya hiari na ya kidogo kidogo.

Kisha takataka. Chimba mashimo mawili. La kwanza ni la vinavyooza: maganda ya ndizi, majani ya kabeji na ya maharagi, kinyesi cha kuku na cha sungura, na majivu kidogo kutoka jikoni. La pili ni la plastiki, vyupa na betri, vitu ambavyo havistahili kuingia katika udongo unaokulisha. Baada ya miezi michache shimo la kwanza litakupa mbolea ambayo wenzako wanainunua. Majani ya mkaratusi usiyatie humo kwa wingi, kwa maana huchelewa kuoza na huzuia mimea midogo kuota vizuri.

Mwisho, miti. Ukiwa na parsele yenye miti, basi wewe si fukara kama unavyojidhania, maana sehemu ya pesa unayoitafuta imesimama uwanjani. Mkaratusi mmoja uliokomaa una mbao, miti ya ujenzi na kuni. Ukiuuza mmoja kwa mpango, unapata misumari ya kurekebisha banda la kuku na miche kadhaa ya kuweka mahali pake. Lakini usiiangushe yote kwa siku moja. Kivuli kikiondoka ghafla, mvua inapiga udongo ulio uchi, na pesa za miti kumi huisha upesi kama za mti mmoja. Ile inayobaki ikate matawi ya chini ili mwanga ufike. Chini yake maharagi, viazi na kahawa vinaweza kupata nafasi. Shina la mkaratusi litachipua tena. Chagua chipukizi moja au mawili yaliyonyooka, mengine ukate.

Na ufuate majira. Januari na Februari, kisha Juni na Julai, mvua inapopungua, ndio wakati wa kuchimba mashimo, mifereji na kupogoa. Machi na Septemba, mvua inaporudi, ndio wakati wa kupanda. Mwenye kufanya jambo moja kwa kila majira, kwa mwaka amefanya manne. Mwenye kungoja pesa za kufanya yote kwa pamoja, kwa mwaka mara nyingi hafanyi hata moja.

UDHURU WA PILI: "SIJUI KESHO"

Hapa ndipo penye moyo wa jambo letu. Mtu anasema: vita vinaweza kuja, mwenye nyumba anaweza kunitoa, umri wangu umekwenda. Kwa nini nipande ambacho huenda nisikile?

Tujiulize kwanza: ni nani aliye na hakika? Katika nchi yetu, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuitumia. Hata yule mwenye cheti kilichopigwa mihuri yote, kwa hakika ni mtumiaji. Na kwa sisi tunaoamini, Serikali nayo si mwenye ardhi, kwa kuwa Mwenyewe ni Mmoja. Basi kama kukosa hakika kungekuwa udhuru, hakuna mtu yeyote ambaye angepanda chochote, na binadamu angekufa njaa siku nyingi zilizopita.

Tutazame pia tunachokula sasa. Avoka unayomenya leo hukuipanda wewe. Njia ya mkato unayopita kwenda sokoni, chemchemi unayochota maji, mti unaojificha jua chini yake, vyote ni kazi za watu ambao wengi wao huwajui majina. Wao pia hawakujua kesho. Wamepita katika vita vyao na magonjwa yao. Kama wangetumia udhuru wetu, sisi tungekuta mlima mtupu. Kwa hiyo anayesema "nipande mimi, ale nani" ajue kwamba anasema hivyo akiwa na tunda la mwingine mkononi.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha jambo hili kwa mfano mkali kuliko yote. Ametufundisha kwamba hata mtu ambaye Kiyama kimemfikia akiwa na mche mkononi, akiweza kuupanda, basi aupande. Fikiri maana yake. Siku hiyo hakuna wa kungoja tunda, hakuna mtoto wa kurithi, hakuna soko. Na bado tunaambiwa tupande. Basi thamani ya kupanda haiko katika tunda peke yake. Iko pia katika kufanya lililo jema likiwa bado mkononi mwako, na kumwachia Mwenyezi Mungu lililo nje ya mkono wako. Na ametufundisha vilevile kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama katika kile ulichopanda, kwako ni sadaka. Hakusema lazima mlaji awe mwanao, wala awe mtu unayemjua.

Mtu anaweza kupinga akisema: hayo ni maneno mazuri ya kuswaliwa, lakini mimi nina watoto wa kulisha leo. Tunamwambia: ndugu yetu, hujakosea. Lakini tazama na upande wa pili wa mizani. Kutopanda nako ni uamuzi, na nako kuna matunda yake. Kuna watu ambao tangu mwaka 2014 wanasema "tungoje tuone". Miaka zaidi ya kumi imepita. Mbegu ya avoka haina bei, imo ndani ya kila tunda linalotupwa sokoni. Mti wa mbegu huchukua miaka mitano au zaidi kuzaa, na ule uliopandikizwa huwahi zaidi, mitatu au minne. Iliyofukiwa mwaka ule, kwa yule aliyejaliwa kubaki, leo ni mti unaozaa. Aliyeishi miaka yote hiyo akisema kesho naondoka, ameishi kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe: hakuondoka, na wala hakukaa.

Na wale waliopanda wakalazimika kukimbia? Hao hawakupoteza. Mti wao unamlisha aliyeukuta, na thawabu inawafuata huko waliko. Tena tuseme wazi: mti usimzuie mtu kukimbia. Roho ikiwa hatarini, acha parsele, acha kuku, okoa watoto. Kupanda ni kwa ajili ya uhai, na haiwezekani uhai ukatolewa kwa ajili ya parsele.

Ama mpangaji, yeye ana kipimo chake. Halazimiki kupanda msitu katika uwanja wa mwenye nyumba. Afanye yale yanayorudisha faida ndani ya muda wake: lengalenga huchumwa baada ya wiki chache tu, na vitunguu na puaro vinaweza kulimwa hata ndani ya gunia lililojazwa udongo na mbolea, gunia ambalo siku ya kuhama atalibeba. Akitaka kupanda mti, azungumze na mwenye nyumba kwanza, waandike mbele ya mashahidi: umepandwa mti gani, nani atakula, na mpangaji akitolewa mapema atafidiwa nini. Karatasi moja yenye saini mbili imeokoa ujirani mwingi.

UDHURU WA TATU: "NI MALI YANGU"

Sasa tugeukie upande mwingine. Yupo ambaye hana tatizo la kupanda. Tatizo lake ni kwamba hataki kuulizwa. Katika mkusanyiko wa Abu Daud imepokewa habari ya Samura bin Jundub, aliyekuwa na mitende ndani ya bustani ya mtu wa Answari. Kila alipoingia kuitazama mitende yake, aliitaabisha familia iliyokuwa mle. Mtume (s.a.w.) alimtaka aiuze, akakataa, abadilishane na mingine mahali pengine, akakataa, aitoe zawadi naye alipwe kwa Mwenyezi Mungu, akakataa. Hapo Mtume akamwambia yule Answari aende akaing'oe. Mtende ulikuwa mali, tena mali ya thamani kubwa kwa watu wa Madina. Lakini mali iliyogeuka kuwa dhara kwa jirani ilipoteza ulinzi wake.

Tuilete habari hiyo Bulengera. Mkaratusi si adui. Makala na mbao tunazotumia zisingetoka kwenye miti iliyopandwa, zingezidi kutoka katika msitu wa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Ndiyo maana tangu mwaka 2007 mradi wa EcoMakala umewahimiza wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala katika mashamba yao. Lakini mti huu una kiu kubwa. Mahali pake ni mlimani, mbali na chemchemi. Wengi wetu tunachota maji ya chemchemi. Anayeizungushia mikaratusi anakunywa maji ya mtaa mzima kupitia mizizi yake. Vivyo hivyo mti mrefu ulioinamia paa la jirani: usingoje upepo wa Oktoba ukuhukumu. Na siku ya kuukata, mjulishe jirani, awatoe watoto.

Migomba nayo ina haki ya jirani ndani yake. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa Masisi mwaka 2001, ukaenea mkoani. Unahama kwa panga lisilosafishwa na kwa wadudu wanaotua kwenye ua la kiume. Dawa ya kuunyunyizia haipo. Kuna usafi tu. Vunja ua la kiume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, mara tu chane ya mwisho inapotokeza. Panga likishapita kwenye mgomba mgonjwa, lipitishe motoni. Mgomba uliougua uondoe. Anayesema "wangu umeugua, yanakuhusu nini" hajajua kwamba wadudu hawasomi mipaka ya parsele.

Hata mfereji wako wa fanya juu: hakikisha haumwagi maji katika nyumba ya aliye chini yako. Kumhamishia jirani korongo si matengenezo.

YASIYOTAKIWA KWAKO

Ndugu msomaji, dini yetu haimkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake, na sisi tusimkalifishe. Chakula cha watoto na ada ya shule vinatangulia maua. Usikope kwa riba wala bila riba ili uwanja upendeze machoni mwa wapita njia. Usiwatoe watoto darasani wachimbe mifereji, Jumamosi inatosha. Na ukishajaliwa bustani nzuri, isiwe ya kujivunia mbele ya jirani ambaye paa lake linavuja.

Utaratibu wa kufuata ni huu. Kwanza, ondoa madhara: maji yanayobomoa, tawi linalotishia, takataka zinazonuka, mgomba unaoambukiza. Pili, hifadhi kilichopo: udongo, kivuli, miti iliyo mizima. Tatu, ongeza kipya kwa kadiri ulivyojaliwa, hata kama ni mbegu moja. Mwenye kuupindua utaratibu huu, akaanza na maua huku korongo likila msingi, amepoteza pesa na udongo.

Tukirudi kwenye swali letu: ndiyo, tuna deni kwa ardhi tunayoweza kuiacha kesho. Tunalidaiwa na waliotutangulia, waliotuachia tunda. Tunalidaiwa na jirani wa leo, anayepokea maji na kivuli chetu. Na tunalidaiwa na atakayekuja, ambaye huenda akawa mwanao, na huenda akawa mkimbizi ambaye kijiji chake bado hakijashambuliwa. Deni hilo halilipwi kwa mkupuo. Linalipwa kwa jembe, kila majira sehemu yake.

Wiki hii, baada ya swala ya Ijumaa, zunguka parsele yako mara moja kwa miguu. Tafuta dhara moja tu linalomgusa mtu mwingine, na uliondoe kabla ya Ijumaa ijayo.

Mwenyezi Mungu ailinde miji yetu na vijiji vyetu, awarudishe waliokimbia kwenye nyumba zao kwa amani, awarehemu waliouawa, na ajaalie kila mche tunaoupanda uwe sadaka yenye kuendelea. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.